Pampu imegoma, na mkosaji nimempata

Leo nimeumbuliwa mbele ya watu wanaokula samaki. Chekeni tu, nimeruhusu.

Asubuhi pampu ya majitaka ninayoihudumia hapa Busia iligoma. Nikafungua shimo, nikakuta bonge la mafuta limeganda, jeupe kama sabuni ya kipande.

Harufu? Msiniulize.

Nikavua glavu, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Nekesa, anayekaanga samaki karibu na mpaka. Nilikuwa nimefura!

"Mama, ni nyinyi mnaomwaga mafuta kwenye sinki!"

Hata hakushtuka. "Tunamwaga, ndiyo. Halafu tunafuatisha maji ya moto, vile fundi alituambia."

"Fundi gani huyo, bure kabisa?"

Madereva wa malori waliokuwa wakila pale wakaacha kutafuna.

"Si ni wewe? Sinki yangu ilipoziba, ulisema maji ya moto yatasukuma mafuta yote."

Na kweli yamesukuma. Sinki yake haijaziba tena. Mafuta yote yamekuja kugandia kwangu.

Nikamwomba, kwa sauti ya chini sasa, awe anayakusanya kwenye debe. Akakubali, akanifungia samaki mkubwa aina ya ngege kwenye gazeti.

"Kula kwanza, mwanangu. Hiyo kazi uliyojiletea inataka nguvu."