Masizi Kwenye Kanzu ya Kuazima

Juzi tulikuwa kwenye harusi ya binamu yangu, ukumbini, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. Pilau ililetwa na gari, imeshaiva. Baba mdogo akainama, akatazama tako la sufuria, likawa linang'aa kama kioo. Akamnong'oneza mama mdogo, "Sasa hapa mtu atapakwa nini?" Mama mdogo akaziba mdomo kwa mtandio. Pale mezani ni mimi tu niliyejua wanachekea nini. Na kwa kuwa mimi si msemaji, hata darasani nikijua jibu nanyamaza, acha nikuandikie wewe.

Nilikuwa darasa la pili. Mama yangu alikuwa Chalinze, akiwapikia chakula madereva wa malori, nami nikilelewa na mdogo wake hapa Bagamoyo, kwa bibi. Huyo mama mdogo ndiye aliyenisuka, ndiye niliyelala ubavuni mwake. Majirani walishaanza kumsema kwamba umri unakwenda na mume haonekani. Mimi kimoyomoyo nilimwomba Mungu asionekane kabisa.

Siku mjomba alipooa, ua wa bibi ulijaa tangu alfajiri. Wanawake wamekalia mbuzi, wanakuna nazi huku wanateta; wanaume wako kwenye mafiga, macho mekundu kwa moshi, na harufu ya bizari imefika barabarani. Sasa, sisi tulikuwa na mtani wetu, mzee wa Kinyamwezi, jirani. Kila shughuli yetu alikuja na kanzu yake, akavuta kigoda mbele ya sufuria na kuapa kwamba pilau haipakuliwi mpaka apewe ukoko. Nasi, kwa haki ya utani, tulimpaka masizi. Hakuna aliyekasirika. Shughuli bila hivyo ilionekana haijakamilika.

Bibi akachungulia uani, akasema, "Mtani keshakalia sufuria. Nendeni mkamtoe."

Mama mdogo akajipaka masizi viganja vyote viwili, akanyata. Alichokiona ni mgongo tu: kanzu nyeupe, kofia, kigoda. Akampangusa kutoka mabegani hadi kiunoni. "Leo utakula masizi, mtani. Ukoko sahau."

Mtu akageuka. Alikuwa kijana wa Kerege, wa upande wa bibi harusi, ambaye mpishi alimwomba achochee kuni kidogo.

Mtani wa kweli ndiyo kwanza anaingia mlangoni. "Mwenye haki mmeniacha," akasema, "mmempaka mkwe."

Mama mdogo akapiga magoti. "Nisamehe kaka yangu, nilijua ni mtani."

Kijana akajaribu kujitazama mgongoni, akashindwa. "Kanzu yenyewe ya kuazima, dada," akasema taratibu. "Mwenye nayo nikamwambie nimepakwa na nani? Jina lako silijui."

"Jina utalijua," bibi akamkata. "Kwanza vua, ifuliwe."

Basi akakaa barazani amejitanda kanga ya bibi, kanzu yake iko kambani. Mama mdogo kwa aibu akamletea ukoko wote, uliokuwa wa mtani, akakimbia. Nikabaki naye mimi. Akanimegea. Ulikuwa mgumu, umeungua upande mmoja, umeshika mafuta na mdalasini.

"Yule mwenye mikono ile ni nani wako?" akaniuliza.

"Mama mdogo. Na analala na mimi."

Akatafuna kwanza. "Nimesikia," akasema.

Aliondoka na ile kanga. Akairudisha wiki hiyohiyo. Mara ya pili alikuja hana cha kurudisha, bibi akamkaribisha hivyohivyo. Kisha tukaambiwa mshenga anakuja. Siku hiyo jirani mmoja, anapeta mchele, akasema mbele yangu, "Mwanamke haendi kwa mume na mtoto wa dada yake mgongoni." Chakula kikanishinda. Nilijua nitabaki na bibi, ambaye macho yalishaanza kumpotea, na kitanda kitakuwa kikubwa.

Mshenga alipofika, nilijificha nyuma ya pazia la mlango. Nikamsikia bibi: "Binti yetu ana neno moja tu. Ana mtoto wa dada yake, na hamwachi."

Mshenga akakohoa. "Hilo kijana kanituma nilitangulize kabla sijaulizwa. Anasema yule aliyekula naye ukoko asiachwe nyuma."

Yaliyofuata sikuyasikia. Nililia mpaka lile pazia likalowa.

Tunakaa Kerege sasa. Mama huja kila Idi, tunalala watatu kitanda kimoja tukisukumana. Bibi katutoka, mtani naye akamfuata, na uani pale pamejengwa fremu za maduka. Hakuna tena wa kumpaka masizi, wala masizi yenyewe hayapo.

Pilau ya ukumbini ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Lakini tulivyorudi nyumbani, mama mdogo hakubadili hata nguo. Aliwasha mkaa, akabandika wali na kuuacha makusudi uungue chini. Baba mdogo akaubandua ukoko kwa mwiko, akaukunja, akaumega.

Akanipa mimi kwanza.