Sikio Lenye Mikato Miwili

Mitihani ya darasa la sita katika shule yetu ya Kikristo pale Kitengela ilisimamiwa na kiti.

Desturi ilikuwa hivi. Asubuhi ya mtihani, mwalimu wetu wa darasa, aliyetufundisha Hesabu na Dini, alivuta kiti chake hadi mbele ya ubao, akakifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, akaweka Biblia kwenye meza iliyokuwa kando. Kisha alisema, "Mimi naenda ofisini kunywa chai. Atakayewasimamia ameshafika." Akatoka, akafunga mlango. Tukabaki sisi na kile kiti kitupu, kiti cha Mungu.

Shule ilijivunia sana jambo hilo. Wageni walielezwa habari zake kabla hata ya kuonyeshwa vyoo. Sheria yake ilikuwa moja: anayeiba mtihani mbele ya kile kiti hana nafasi tena katika shule ile. Nimefanya mitihani mingi tangu hapo, hata ile ya chuo kikuu ambapo wasimamizi wanne walitembea katikati yetu kama watu waliopoteza kitu, na hakuna aliyewahi kunitisha kama kiti kile. Hilo halikunizuia kuiba.

Kwenye dawati langu nilikaa na msichana wa Kimaasai aliyetoka ndani huko, mbali na lami, ambako baba yake alifuga ng'ombe. Alikuwa amehamia kwetu mwaka uliotangulia, kutoka shule ambayo mwalimu aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja mgonjwa. Sisi kwetu tulikuwa watu wa mkoa wa Magharibi. Baba alikuwa karani kiwandani Athi River, tulipanga nyumba ya mawe ya vyumba viwili, na Jumapili baba alikuwa mzee wa kanisa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyehesabiwa kuwa na akili. Ukweli ni kwamba nilikuwa na Kiingereza, na Kitengela ya miaka ya tisini watu wengi walichanganya vitu hivyo viwili. Mimi mwenyewe nilivichanganya mpaka siku ya mtihani wa Hesabu.

Swali la thelathini na moja lilihusu tangi. Mfereji mmoja unalijaza kwa saa sita, mwingine kwa saa tatu. Ikifunguliwa yote miwili pamoja, tangi litajaa baada ya saa ngapi? Nililisoma mara nne. Nikatazama kiti. Kiti kilinitazama. Ndipo jicho langu la kushoto likaenda lenyewe kwenye karatasi ya jirani.

Kazi yake ilikuwa safi, mistari mitano, jibu saa mbili. Chini ya jibu alikuwa amechora kitu kidogo kama jani, ukingoni kina mikato miwili. Sikujua ni nini. Nilidhani ni sehemu ya hesabu, labda hesabu za mbele ambazo bado hatujazifikia. Nilinakili mistari mitano, nikanakili jibu, nikanakili na jani.

Jumatatu mwalimu alirudi na karatasi. Darasa zima ni sisi wawili tu tuliopata swali la tangi. Alituita mezani.

"Hii ni nini?" aliuliza, kidole chake kikiwa juu ya jani kwenye karatasi yangu.

Jirani yangu alikuwa ameanza kufungua mdomo. Mimi nilikuwa mwepesi zaidi.

"Ni alama yangu ya kuhakikisha, Mwalimu. Nikimaliza swali nikiwa na uhakika, naichora."

"Yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akamgeukia mwenzangu. Uso wake ulibadilika, ukawa wa huzuni, na huzuni ya mwalimu yule ilikuwa mbaya kuliko fimbo yake. "Na wewe ukaona uchukue jibu lake pamoja na alama yake. Mbele ya kiti." Akazikusanya karatasi zote mbili. "Ijumaa uje na baba yako. Atakurudisha nyumbani. Na wewe," akaniambia mimi, kwa upole, "mwambie mzee wako aje awe shahidi."

Tulirudi kwenye dawati. Nilisubiri mwenzangu anipige. Hakunipiga.

"Si ungesema?" nilimnong'oneza, eti nikimlaumu.

"Baba ataona mwenyewe," alisema.

"Ataona nini?"

"Ataona."

Wiki ile nilijifunza kwamba masomo yote ya darasa la sita ni somo moja, na linanihusu mimi. Jumanne katika Dini tulisoma juu ya yule mtu wa Mungu aliyekosa utii, akakutana na simba njiani, simba akamwua. Mtoto wa mji mwingine angeisikia kama hadithi. Sisi wiki ileile simba walikuwa wametoka mbugani wakaingia zizi moja upande wa pili wa mto, wakaua kondoo, na nyayo zao zilionekana kwenye matope ya ile njia niliyopita asubuhi na jioni. Mvua ilikuwa nyingi mwaka ule. Udongo mweusi ulishika viatu vyangu kila hatua, nami niliona wazi kwamba umetumwa kunishikilia mpaka simba afike.

Katika Sayansi tulijifunza moyo. Mwalimu wa Sayansi alitwambia tuweke vidole shingoni na kuhesabu mapigo kwa dakika moja. Wenzangu walipata themanini, tisini. Mimi nilipata mia na thelathini, akaniambia sijui kuhesabu. Katika Sayansikimu tulijifunza kuondoa madoa. Doa la wino linatoka kwa ndimu na chumvi likiwahiwa. Likikaa, ndilo hilo hilo. Niliandika sentensi hiyo, nikaipigia mstari mara mbili.

Lakini Sanaa ndiyo iliyonimaliza. Jumatano tulifinyanga. Mimi nilifinyanga kikombe, kwa sababu kikombe hakina miguu. Jirani yangu alifinyanga ng'ombe, mwenye nundu na kila kitu, kisha akachukua kijiti, akalikata sikio la ng'ombe wake mahali pawili.

Nililiangalia lile sikio.

"Mbona umemkata?"

"Ni yetu," alisema, bila kuniangalia. "Ng'ombe ya kwetu yote iko hivyo. Ikipotea, ikiibwa, ukiona sikio unajua."

"Kwa hivyo ile kwenye karatasi..."

"Nikipata swali nalifunga zizini," alisema. "Naliwekea alama yetu."

Akaendelea kulainisha mgongo wa ng'ombe wake kwa kidole chenye maji. Nikajua Ijumaa baba yake ataona nini. Nilikuwa mwizi wa mifugo wa ajabu, niliyeiba ng'ombe, nikampitisha sokoni mchana, na kumwambia mwenye soko, kwa Kiingereza kizuri, kwamba hilo sikio nimelikata mimi.

Ungedhani hapo ndipo nilipokwenda kwa mwalimu nikasema ukweli. Nilikwenda. Nilifika mlangoni kwake Alhamisi wakati wa mapumziko, akainua macho, akanitolea tabasamu, nikaomba chaki. Jioni nilijaribu nyumbani. Baba alikuwa anapiga viatu rangi, akiimba polepole.

"Mama," aliniambia, maana nilipewa jina la mama yake, "nimeomba ruhusa kazini. Nimefurahi sana. Wazazi wengine wanaitwa shuleni kwa aibu, mimi naitwa kwa ushahidi."

"Baba, niko na..."

"Uko na nini?"

"Niko na kiu."

"Maji si iko kwa mtungi."

Nikanywa vikombe viwili mbele yake, nisiwe mwongo kwa hilo pia.

Ijumaa, wenzetu walipotoka kucheza, tulibaki darasani watano. Baba alivaa koti lake la kanisani. Baba wa jirani yangu alifika akiwa amevaa shuka na viatu vya mpira, fimbo mkononi, matope hadi magotini, kwa kuwa alikuwa ametembea tangu alfajiri. Bintiye alienda akainamisha kichwa, naye akakigusa kwa kiganja. Mimi pia nikainamisha changu, kwa vile ndivyo tulivyosalimu wazee wa kwao, na kiganja kile kikanigusa vilevile, kizito na chenye joto.

"Supa," alimwambia baba yangu.

"Ipa," baba alijibu. Kimaa chake kiliishia hapo.

"Karibu ukae, mzee," mwalimu alisema, akionyesha madawati. Yule mzee aliyaangalia madawati, akaona ni ya watoto. Akaona kiti kizuri mbele ya ubao, kimefutwa vumbi, hakina mtu. Akakaa.

Mwalimu alifungua mdomo akaufunga. Baba alitazama sakafu. Hakuna aliyethubutu kumwambia amekalia nini. Mimi niliona tu kwamba kile kiti, baada ya miaka yote ya kutusimamia kikiwa kitupu, leo kina mtu, mtu huyo ana fimbo, na ananitazama.

Mwalimu alieleza. Alisema maneno mengi juu ya uaminifu, kisha akampa karatasi mbili. Mzee aliishika ya binti yake kwanza, akaisogeza mbali na macho, akaliona jani, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekutana na jamaa. Kisha akaishika yangu. Alikaa nayo muda mrefu.

"Hii ni ya nani?"

"Ya huyu hapa, mzee. Hiyo ni alama yake ya kuhakikisha."

"Hii ni sikio," mzee alisema.

"Sikio?"

"Sikio ya ng'ombe. Hii mikato mbili baba yangu alikata hivi, na baba yake alikata hivi. Hakuna boma ingine inakata hivi." Alisema bila hasira, na ndiyo maana nilizidi kuogopa. "Mwalimu, hii ng'ombe imetoka kwangu. Inafanya nini kwa boma ya huyu?"

Baba aligeuka. Sijasahau jinsi koti lilivyolia begani alipogeuka.

"Mama?" alisema.

Nilifikiria yule mtu na mkewe waliosema uongo mbele ya mitume wakaanguka wakafa, mmoja baada ya mwingine. Nilishika ukingo wa dawati nisianguke kwa kishindo.

"Ni ya kwao," nikasema.

Nje mtu alifunga bao, watoto wakapiga kelele.

"Ukichukua ng'ombe lazima ujue kuinywesha," mzee alisema, akanielekezea ubao kwa fimbo. "Onyesha sisi."

Nilichukua chaki. Niliandika sita, nikaandika tatu, nikazijumlisha, kwa sababu kujumlisha ndiko nilikokuwa na uhakika nako. Tisa. Saa tisa.

Mzee aliomba bintiye amweleze swali kwa Kimaa. Akasikiliza, akalitazama jibu langu kwa mshangao wa kweli.

"Mfereji moja ni saa tatu," alisema. "Ukiongeza ingine, maji inachelewa mpaka saa tisa? Hiyo mifereji inagombana?"

Jirani yangu alicheka, mara moja, kupitia puani. Mwalimu hakucheka. Alikuwa mweupe kwa namna ambayo watu weusi huwa weupe. Alimwomba msamaha yule msichana, mbele yetu sote, jambo ambalo sikuwahi kuona mwalimu akimfanyia mtoto. Kisha akasema, kwa sauti iliyokauka, kwamba sheria ya kiti inajulikana. Alisema "kiti" na macho yake yakaenda kwenye kiti, yakakutana na mzee.

"Atafukuzwa?" mzee aliuliza.

"Ameiba, mzee."

"Kama alipewa hakuiba." Akamgeukia bintiye. "Ulimpa?"

Wote wanne tulimtazama. Kwa neno moja ningetoka pale na begi langu, baba akiwa nyuma yangu na koti lake la kanisani, na Jumapili kanisa zima lingejua. Naye alikuwa na haki ya kulisema. Mimi ndiye niliyekaa wiki nzima nikingoja aondoke yeye. Aliniangalia kwa muda ambao sijui kuupima. Moyo wangu hata mwalimu wa Sayansi asingeuhesabu.

"Sikumpa," alisema.

Nilifunga macho.

"Lakini sasa nimempa."

Mzee aligonga fimbo sakafuni mara moja, akainuka. "Amepewa. Imeisha." Kiti kikabaki kitupu, na alama ya matope juu yake.

Kwangu haikuisha. Baba alinichapa nyumbani, bila haraka, kisha akakaa nje peke yake mpaka chakula kikapoa. Mwalimu hakunifukuza, lakini swali la tangi nilipewa sifuri. Jumatatu nilikaa kwenye ncha kabisa ya dawati, nusu yangu ikiwa hewani.

"Pakiteng," jirani yangu alisema.

Sikujua ananiita mimi.

"Ni wewe. Mtu akikupa ng'ombe, jina mnaacha. Mnaitana hivyo mpaka mzeeke." Alifungua daftari lake katikati yetu. "Sogea hapa, pakiteng. Tunaanza na mifereji. Na usiniletee zile zako za kugombana."

Tulianza na mifereji. Muhula ukaisha. Asubuhi ya mtihani uliofuata, mwalimu alivuta kiti, akakifuta vumbi kwa leso, akaweka Biblia, akaenda kunywa chai. Mlango ulipofungwa, wenzangu wote walikumbatia karatasi zao kwa mikono, kama kawaida.

Yeye aliisogeza yake katikati ya dawati, ikiwa wazi, mahali ambapo ningeweza kuisoma bila hata kugeuza shingo. Kisha akaendelea kuandika.

Nilikaza macho kwenye karatasi yangu mpaka yakatoa machozi.