Mzunguko wa Mwisho wa Uzi

Kila Ijumaa baada ya sala, sisi wavuvi wa kisiwa cha Chula tulikaa barazani kuonyeshana namna ya kufunga manyoya kwenye ndoana, yaelee juu ya maji kama mdudu. Mimi nilifunga kinyumenyume, unyoya wa jogoo ukitazama mbele, na samaki walikirukia chambo changu. Ndugu yangu aliponiomba nimfundishe, nilimwonyesha yote isipokuwa mzunguko wa mwisho wa uzi. Choyo tu, hakuna jina jingine. Chambo chake kikawa kinazama. Kwa kukosa samaki karibu, akawa anavuka mwamba kwenda mbali, mpaka siku moja hakurudi. Matangani wavuvi wenzangu walinishika mkono wakasema, “Wewe hukumnyima nduguyo kitu.” Nikaitikia kwamba sikumnyima.