Majivu ya Uwanja wa Maisaka

Kwa miaka kumi na minne Herieli alichora mistari ya uwanja wetu wa Maisaka, hapa Babati, kwa oili chafu, na hakuna aliyejiuliza inaishia wapi. Kila Ijumaa alipita kwenye magereji ya barabara ya Dodoma na dumu lake, likajaa, akarudi kuimwaga kwa kopo lililotobolewa. Mistari ilitoka myeusi, imenyooka, nasi tukajisifu nayo. Chokaa ni ya klabu zenye wafadhili. Sisi tulikuwa na Herieli. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa klabu, na nakiri kwamba mvua ilipofuta mistari, nilichojali ni lini itachorwa tena.

Aliyejali ni mkewe, Romana. Kisima chao na cha nyumba nyingine tisa kiko bondeni, nyuma ya goli la chini. Masika ya mwaka ule, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga, alimwekea mumewe ndoo mlangoni. Juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa rangi rangi.

“Baba Tadeo,” alimwambia, “kisima kinanuka gereji.”

Herieli si mtu wa maneno. Siku mbili hakuonekana uwanjani. Ya tatu alikuja kwenye kikao, akasema hamwagi tena oili.

“Utachora kwa mate?” aliuliza Gerson, mwenyekiti wetu, mtu anayependa kucheka kabla hajasikia.

“Kwa majivu.”

Gerson alimpa mechi moja. Ikitokea kasoro yoyote, Jumatatu arudi na dumu lake, au atafutwa mwingine wa kulibeba. Tukapiga makofi, na mimi nikiwemo. Hadi leo makofi yale yananiuma.

Majivu aliyapata kwa Mama Kindness, mama lishe wa karibu na uwanja, ambaye alifurahi kuyaondoa jikoni. Herieli akayachekecha, akayakoroga na maji kama uji mwepesi, na Jumamosi asubuhi uwanja ukawa na mistari ya kijivu, safi kabisa.

Wageni wetu, Radi ya Bonga, walifika mapema, wakala kwa Mama Kindness, kisha wakaja uwanjani. Nahodha wao, Leonsi, akainama, akagusa mstari, akanusa kidole, akarudi nyuma hatua tatu.

“Haya ni majivu! Nani anachora uwanja kwa majivu? Hatuingii.”

Anayeujua mpira wetu hahitaji kuelezwa zaidi. Kila klabu ina ile inayoitwa kwa heshima kamati ya ufundi, na ufundi wake si wa miguu. Watazamaji wakaanza kunong'ona: yametoka makaburini, lisemwalo lipo. Refa akatazama saa yake, akatupa nusu saa. Badala ya kuwageukia wageni, Gerson alimgeukia Herieli mbele ya watu wote.

“Kalete oili.”

Nilipata hasira, lakini hasira yangu ilikaa kimya, kama kawaida yake. Aliyekuja ni Mama Kindness, aproni kiunoni na mwiko mkononi.

“Nani kasema makaburini? Wewe Leonsi, mchana umekula nini kwangu?”

“Wali maharage, mama.”

“Sahani ngapi?”

“Mbili.”

“Maharage yale yameivia kwenye kuni zilizotoa majivu haya haya. Kama ni uchawi, baba, umeshaumeza, tena ukaomba uongezewe!”

Uwanja mzima uliangua kicheko, na Leonsi mwenyewe akashindwa kujizuia. Akawaita wenzake waingie. Ila alipopita karibu na Herieli alisema, “Sawa, mzee, tunacheza. Lakini mkitufunga, tutajua ni nini kimetufunga.”

Maneno hayo yalimchoma Herieli. Alikaa nyuma ya goli la chini akipiga hesabu, kama alivyonieleza baadaye. Tukishinda, Babati nzima itasema ni majivu, na Gerson atarudisha oili ili maneno yaishe. Tukifungwa, majivu ni majivu tu. Huyu ni mtu ambaye timu ikipoteza, halali wala hali.

Dakika ya ishirini tukafunga. Niliruka mpaka kiatu kikanitoka. Nilipogeuka nilimwona Herieli ameshika kichwa kwa mikono miwili, nikadhani ni furaha imemzidi.

Kipindi cha pili wakasawazisha. Zikiwa zimebaki dakika chache, Leonsi akampita beki wetu, akampita kipa, akausukuma mpira ndani taratibu. Mbili kwa moja.

Baada ya filimbi ya mwisho Leonsi alimfuata Herieli, akampa mkono. “Majivu yenu hayana nguvu yoyote, mzee.”

“Hayana, mwanangu,” alijibu Herieli. “Hayana kabisa.”

Gerson alipita amenuna. “Chora na hayo hayo,” alisema. “Hata uchawi hayawezi.”

Watu wakaondoka. Tulibaki wawili tukikunja nyavu, naye alikuwa akilia bila kujificha. Nikampa pole, nikamwambia tutashinda mechi ijayo.

“Katibu,” alisema, “si hivyo. Niliomba tufungwe. Miaka yote hii na timu hii, leo nimepiga goti nikaomba tufungwe.”

Niliutazama ule mteremko wa kwenda bondeni kisimani. Nyumba kumi, na mimi nilikuwa nimepiga makofi.

“Ungeniambia mapema,” nikasema, “tungeomba wawili.”