Unywele wa Kisu cha Mtori

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule kwetu Kibosho, mwanangu, asubuhi ambayo mpaka leo nikishika kisu inanirudia mwilini. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amejifungua. Alipoteza damu nyingi, uso ukampauka, na maziwa yalikuwa hayajatoka. Kichanga kililia hadi sauti ikakauka. Bibi yetu alitueleza wazi: mzazi asipopata mtori, ule mchuso wa ndizi na nyama, wa kumrudishia nguvu, tutawapoteza wote wawili.

Siku hizo bidhaa za nje ndiyo kwanza zilikuwa zinamiminika. Kaka alikuwa ameleta kisu kutoka Himo, karibu na mpaka, kinang'aa, nasi wasichana tulikionea fahari kuliko redio. Kukinoa nikapewa mimi. Nilikaa kwenye kinoo, nikasugua upande mmoja kwa nguvu zangu zote, kisha nikagusa wa pili kidogo tu, maana kilikuwa kimeshaanza kukata. Nikakijaribu kwenye jani la mgomba, likaachana lenyewe. Basi nikajiona fundi! Usinicheke, ujana una raha yake.

Bibi akaja, akakipokea. Jani hakulitazama. Aliweka kidole gumba karibu na mgongo wa kisu, akakitelezesha taratibu kuelekea kwenye makali na kukitoa nje, wala hakukipitisha kufuata makali, maana hapo angekatika. Upande mmoja kidole kilipita vizuri. Upande wa pili kikakwama.

"Bado, mjukuu wangu."

"Lakini bibi, mbona kinakata?"

"Kinakata, ndiyo. Ila kimeota unywele."

Mimi sikuona kitu. Akanyofoa pamba kidogo, akaipitisha kwenye makali, nyuzi zikanasa. Kisha akaulaza upande wenye unywele kwenye kinoo, akawa anasugua huku mara moja, huku mara moja, kila mara mkono mwepesi zaidi, mpaka nikawa sisikii hata mlio. Mwisho akayavuta makali polepole kwenye kipande cha mti laini, akaniita mlangoni penye jua nikitazame kile kipande.

Mwanangu, nilishikwa na butwaa. Palikuwa na uzi wa chuma, mwembamba kuliko nywele za mtoto, unametameta, unatikisika kwa pumzi yangu. Niliogopa na kustaajabu kwa pamoja. Kumbe kitu kama kile kilikuwa mikononi mwangu muda wote, nami nakisifu kwa ukali!

"Mtori hautafunwi," bibi akasema. "Unapondwa, unamezwa. Uzi huu ungeshuka na nyama kooni kwa wifi yako, na hakuna ambaye angejua."

Akamalizia kwa kukisugua kwenye mkanda wa ngozi wa babu, mgongo wa kisu ukitangulia, akakifuta, akakiosha. Safari hii pamba ikateleza. Tukamenya ndizi, tukakata nyama, tukapika. Wifi alimaliza bakuli zima akaomba jingine. Jioni maziwa yakatoka, na kile kichanga kikanyonya kwa pupa mpaka sote tukacheka huku machozi yanatutoka. Bibi akaniinamia sikioni.

"Unaona? Leo umemnolea mtu asiye na hata jino moja."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mkono wangu unafika mbali kiasi hicho.

Basi nisikilize. Kisu kikianza kukata, kazi ya kunoa imefika katikati tu. Papasa pande zote mbili, kutoka mgongoni kwenda nje. Ukisikia panakwaruza, usikate chakula cha mtu bado. Punguza nguvu, badilisha upande, uondoe ule unywele, ufute na uoshe. Sufuria ikichelewa, ichelewe. Anayengoja chakula chako hakukagui, amekuamini tu. Mungu akujalie mikono inayostahili kuaminiwa, na kila atakayekula kwako ashibe salama.