Bastola ya Lita Moja

Mwezi ule sote nyumbani tulikuwa tumechoka, ila baba alituzidi, na alikuwa anaficha. Dada yangu alikuwa anaolewa. Kwetu Chanika, pale Handeni, binti wa seremala haendi kwa mumewe na kabati la dukani. Watu wangeuliza baba yake alikuwa anafanya kazi gani. Kabati lilikuwa tayari, la mninga, milango miwili na droo tatu. Ilibaki vanishi tu. Na vanishi ndiyo iliyomshinda, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, na brashi yake ilikuwa inaacha mistari kama njia za mchwa ukutani.

Hakuna aliyeutaja mkono ule. Mama aliacha tu kumjazia kikombe chai mpaka juu. Mimi, niliyekuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na riwaya isiyotaka kumalizika, nilijifunza kuangalia pembeni.

Jumatatu akaniita kwenye karakana yake uani. Alikuwa anausugua mlango kwa msasa mara ya tatu, mlango uliokwisha kuwa laini tangu mara ya kwanza.

"Wewe mwandishi," akasema, "kesho nenda Korogwe ukaniletee bastola ya kupulizia vanishi. Ile ya upepo. Fundi pancha ataniazima kompresa yake."

"Si ulisema kupulizia ni kazi ya watu wenye haraka ya kula?"

"Nilisema. Na leo nasema hivi."

Kesho yake nililala kwenye basi karibu njia nzima. Nilipoamka nilikuta mashamba ya mkonge dirishani, na nilipoteremka Korogwe joto likanipokea kama mtu aliyekuwa ananisubiri kwa hasira. Duka la rangi lilikuwa la mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu na feni asitake kuiacha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unapuliza gari, nyumba au mbao?"

"Mbao. Kabati."

Akaweka bastola mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, kikombe chake kimekaa juu, vanishi inashuka yenyewe. Ya pili ilikuwa na kikombe cha lita moja kinachoning'inia chini, na upepo ndio unaoifyonza vanishi kupitia mrija.

"Kwa kabati, hii ndogo inakutosha," akasema. "Nyepesi. Nani atashika?"

"Fundi."

"Fundi kijana au mzee?"

"Fundi wa siku nyingi."

Ningeweza kumwambia. Lakini kumweleza mtu baki habari za mkono wa baba kulionekana kama kumvua shati sokoni. Tena mimi ni mtu wa Handeni. Kwetu bomba hupimwa kwa lita. Wafugaji wanaowapulizia ng'ombe dawa ya kupe humcheka mwenzao anayebeba bomba dogo mgongoni, kwa kuwa atarudi kisimani mara mbili. Nikawaza, lita moja, atajaza mara moja, hatachoka. Nikaichukua kubwa.

"Haya," mama yule akasema, "wenye nguvu ni nyinyi."

Jumatano asubuhi kompresa ikanguruma uani. Ikiwa tupu, bastola ilikaa mkononi mwa baba vizuri. Nilipoijaza, tetemeko likapanda kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko, na badala ya ukungu ikatema matone kwenye ubao wa majaribio. Akaishusha chini polepole sana.

"Nzito."

"Nikairudishe?"

"Vyombo vya dada yako vinachukuliwa Ijumaa. Vanishi inataka siku nzima ikauke. Utairudisha lini?"

Akaimimina vanishi karibu yote kopoani, akabakiza kina cha vidole viwili. Sasa ilikuwa nyepesi, lakini kila alipoiinamisha kidogo mrija ulifyonza hewa na bastola ikakohoa. Tukaung'oa mlango wa kwanza, tukausimamisha ukutani. Baba akakaa kwenye kigoda, kiwiko kimebana mbavu, mkono wa kushoto umeushika wa kulia kama mtu anayemzuia mgomvi. Akapuliza mistari mitatu. Akapumzika. Nikajaza vidole viwili. Akapuliza tena. Mlango mmoja ulitupeleka mpaka adhana ya adhuhuri, ukatoka bila doa, mninga unang'aa kama asali. Baba alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye mkanda.

"Nikumalizie?" nikauliza.

Alijifuta jasho mpaka kompresa ikazima yenyewe.

"Utaharibu."

"Nitaharibu kidogo tu."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na pumzi. "Anza na mgongo wa kabati. Mgongo unakaa ukutani."

Nikaanza. "Tembea!" akanipigia kelele. "Usisimame hapo, unapiga picha? Tembeza mkono!" Nilipofika mlango wa pili, sauti yake ikashuka. Akasema, kama anayezungumza na kigoda, "Mkono huu ulianza wakati wa kuvuna mahindi. Nikasema utaacha wenyewe."

Niligeuka kumtazama. Ilikuwa sekunde moja tu, lakini bastola haikugeuka nami, na vanishi ikatiririka karibu na bawaba ya chini. Tulifuta, tukapuliza upya, alama ikabaki.

Ijumaa, watu wa upande wa bwana harusi walipokuja kuchukua vyombo, shangazi yake mmoja alipitisha kiganja kwenye mlango wa kwanza, kisha wa pili. Akainama kwenye bawaba.

"Fundi, na huu nani kaupuliza?"

Nilifungua mdomo. Baba akawahi.

"Mimi," akasema, akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele ya watu wote ili wauone. "Siku hizi unanitetemeka, mkwe. Mnisamehe hapo chini."