Eda Aliyotaka Kuikaa Kiwangwa

Dada yangu alinipigia simu asubuhi, na kabla sijamaliza kumwamkia akasema, "Nimeachwa. Moja."

Nikamuuliza atafika Bagamoyo saa ngapi, nimwandalie chumba.

"Siji," akasema. "Eda nakaa hapahapa."

Kisa chake kilikuwa kidogo. Shemeji ana shamba la mananasi Kiwangwa, na mama yake, anayekaa nyumba ya pili, ndiye anayepatana bei na wachuuzi. Siku hiyo mzigo ulikwenda kwa bei ya kutupa, na dada akamwambia mumewe, mbele ya mama mtu, kwamba katika nyumba ile wanawake ni wawili na mwanamume bado hajaja. Shemeji akatamka talaka palepale, akatoka, akaenda kukaa shambani mpaka magharibi.

Talaka moja ina njia ya kurudi. Mke hukaa katika nyumba ya ndoa muda wa eda, miezi mitatu hivi, na ndani ya muda huo mume akisema tu kwamba amemrejea, ndoa inaendelea, bila mahari wala harusi nyingine. Sheria hiyo nilifundishwa na baba, barazani kwetu, nikiwa msichana mdogo.

"Analala chumba cha uani," dada aliniambia siku nyingine, kwa sauti ya chini. "Jana kaniwekea ndoo ya maji ya moto mlangoni. Kagonga, kakimbia. Mtu mzima na ndevu zake!" Akacheka. Nilijua anachongoja. Alikuwa akingoja neno moja tu.

Habari zikamfikia shangazi sokoni, kwa muuza mananasi. Shangazi akazileta dukani kwa baba mbele ya wateja. Baba yangu anauza vitambaa na husali safu ya mbele. Aibu ya kupata habari za bintiye kutoka sokoni hakuiweza. Keshoye akakodi Kanta, lori dogo la mizigo. Tukaenda wanne: baba na dereva mbele, mimi na shangazi nyuma tumekalia magunia.

Dada alitukuta uani, akambusu baba mkono. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Kusanya vyako."

"Baba, niache nimalize eda yangu. Sijafukuzwa."

"Binti yangu hakai kwa mtu kama kijakazi aliyekosa pa kwenda."

"Unang'ang'ania nini?" shangazi akadakia. "Kuta zake zina sukari?"

Dada akamtazama baba tena. Baba alikuwa ameshageuka, anamwonyesha dereva kabati.

Tulifungasha vyombo jikoni, mimi naye. Hakulia. Alizifunga sahani kwa kanga, moja moja, kisha akachukua mbuzi ya kukunia nazi, ile aliyopewa na mama siku ya harusi, akaisukuma nyuma ya mlango.

"Hii iache."

"Kwa nini?"

"Akiingia kupika atajikwaa nayo. Atajua mwenyewe sikuondoka kwa kupenda."

Nje, dereva alikuwa akihema chini ya kabati. "Jamani, humu ndani mmeacha mtu?" Hakuna aliyecheka. Shemeji alikuwa ametoka shambani, matope mpaka magotini. Alimsalimia baba kwa adabu, akamletea dereva maji ya kunywa, kisha akasimama kando. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, na dada yuko ndani anajifunga ushungi.

"Kama mmekuja kumchukua," shemeji akasema, "mchukueni."

Dada akatoka, akapita mbele yake bila kuinua macho, akapanda gari.

Miezi ya eda aliimalizia kwetu. Simu aliiweka karibu hata akiwa anafua. Haikuja simu ya Kiwangwa. Eda ikaisha Ijumaa moja. Mama akapika vizuri kuliko kawaida, na dada akasema hana njaa.

Baadaye tuliitwa kwenye baraza la usuluhishi, kwa sababu mahakama ya mwanzo haisikilizi shauri la talaka wala la kugawa mali bila cheti cha baraza. Sheikh aliyelisimamia alikuwa mtu mpole, mwenye kuuliza polepole.

"Eda aliikaa wapi?"

"Kwao," akajibu shemeji.

"Nani aliyemtoa nyumbani kwako?"

"Aliita gari la kwao, sheikh."

"Mimi?" akasema dada.

Neno hilo tu. Shemeji aligeuka akamtazama, mara ya kwanza tangu tuingie. Sheikh akamwelekea baba.

"Sheikh, mimi ni mzazi," baba akasema.

"Nami ni mzazi. Nimeuliza nani aliyemtoa."

Baba akaitazama kofia yake aliyoiweka gotini.

Sheikh akasema njia bado ipo, kwa nikahi mpya, wakitaka wote wawili. Shemeji akasema ameshapeleka posa ya mke mwingine Fukayosi, imepokelewa, na watu wanangoja tarehe. "Nilidhani amenikataa," akasema. "Hata jiko nimelifunga tangu siku ile, sijaingia humo. Nakula kwa mama."

Dada akaubana mkono wangu. Sheikh akamuuliza kama atakubali kurudi awe na mke mwenza. Dada akatikisa kichwa kukataa.

"Basi nitaandika kwamba usuluhishi umeshindikana. Nyumba na shamba mtayasema mahakamani." Akafungua kalamu. "Vyombo vyako vya ndani je, binti yangu? Kuna chako kilichobaki kule?"

Shemeji aliinua uso, akamtazama dada.

"Hakuna, sheikh," akasema dada.

Sheikh akaandika.